Shahidi wa Weris

Dkt. Timiro alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Kwao Ijara, wenzake walipokuwa wakicheza malishoni, yeye alizunguka kichaka hata kichaka kuhakikisha hakuna mbuzi aliyeachwa nyuma. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba anamlilia maiti ambaye bado anakula. Lakini wasiwasi huo ndio uliomfanya msomi. Hakuandika jambo bila kurudi kulikagua, wala hakuridhika na tafsiri ya mtu mwingine ikiwa angeweza kuyasoma maneno yenyewe.

Historia ya Ugiriki ya kale hakuichagua. Alipofika chuo kikuu Nairobi, somo alilolitaka lilikuwa limejaa, akapelekwa kwa mzee mmoja aliyewafundisha wanafunzi watatu habari za Athene. Muhula ulipokwisha wenzake wawili walihama, yeye akabaki. Mjomba wake aliyekuwa akimlipia karo alitaka kujua Wagiriki hao wana ng'ombe wangapi hata wawe na faida kwa mtu wa Ijara.  Timiro alijua tu kwamba akiwasoma, moyo wake hutulia.

Alijifunza Kigiriki cha kale, akapata ufadhili wa kwenda Uskochi, na huko akaandika tasnifu juu ya mwaka mmoja tu. Ni mwaka ambao Waathene waliamua kukagua nani ni raia wa kweli na nani amejipenyeza. Kila kijiji kilikutana, majina yakasomwa moja baada ya jingine, majirani wakampigia kura kila mwenzao. Aliyekataliwa aliweza kwenda mahakamani, na akishindwa huko aliuzwa utumwani. Timiro aliisoma habari hiyo kama mtu anayesikiliza mvua ikinyesha nchi ya mbali.

Alirudi nyumbani kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, na baada ya mazishi hakuona tena sababu ya kuondoka. Chuo kimoja mjini Garissa kilimwajiri. Wanafunzi walilichukua somo lake kwa kuwa lilikuwa la lazima, wakafanya mtihani, wakalisahau. Kigiriki chenyewe alikifundisha bila malipo, alasiri, kwa yeyote aliyetaka. Kila mwaka walianza wengi, na kila mwaka vitenzi viliwatawanya. Miaka ikapita hivyo, mpaka alipokuja Weris.

Weris alikuwa msichana mrefu, mwenye maneno machache, ambaye aliweza kusoma ukurasa akacheka peke yake. Mama yake, Osob, alikuwa mfugaji wa upande wa Ijara, na ukoo wake na ukoo wa Timiro walinywesha mifugo kisima kimoja tangu enzi za mababu. Kwa hiyo Timiro alimchukua msichana huyo kama mtoto wa nyumbani. Alipomaliza shahada, chuo kimoja cha Thesaloniki, huko Ugiriki, kilimpa nafasi ya kuendelea na masomo, na ufadhili juu yake. Siku ile habari ilipofika, Timiro alifunga mlango wa ofisi akalia. Tangu arudi kutoka Uskochi hakuwahi kuwa na mtu wa kuzungumza naye juu ya kazi yake.

Tatizo likawa pasipoti. Huwezi kupata pasipoti bila kitambulisho, na Weris hakuwa na kitambulisho. Kila alipoomba, mashine ilisema kwamba alama za vidole vya mama yake ni za mkimbizi wa kambi ya Ifo. Jambo hilo lilijulikana na wengi. Wakati wa ukame, raia waliopoteza mifugo waliingia kambini kutafuta mgao wa chakula, wakapigwa alama za vidole pamoja na wakimbizi, na sasa mashine haikuweza kutofautisha. Osob alikuwa mmoja wa hao. Serikali ilikuwa imeunda kamati za kusikiliza kesi hizo, na Weris aliitwa Garissa. Alitakiwa kuja na mama yake, pamoja na shahidi mwenye heshima zake, mtu wa eneo lao, atakayeapa kwamba anawajua.

Weris hakumaliza hata kuuliza. Timiro alikubali.

Mkuu wa kitivo, Dkt. Mustafe, aliposikia alimwita ofisini. Alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa gazeti na polisi. Alimkumbusha kwamba faili lake la kupandishwa cheo kuwa mhadhiri mwandamizi liko mbele ya bodi, na kwamba kitabu chake kinasubiriwa na mchapishaji wa Ulaya. Kisha akamweleza habari za mashahidi waliopatikana wamedanganya wakashtakiwa.

"Ukiwa na hakika, nenda," alisema. "Ukiwa na shaka hata punje, niambie. Nitakutuma Wajir ukasimamie mitihani wiki hiyo, na hakuna atakayekuuliza."

Timiro alicheka. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na hakika.

Siku chache kabla ya kamati kukaa, Osob alikuja mjini na lori la mbuzi, amebeba kibuyu cha maziwa ya ngamia. Timiro alimtandikia mkeka sebuleni, akamtengenezea chai ya iliki. Waliulizana habari za mvua na za jamaa, mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Osob akaomba mlango ufungwe.

"Walaal, ndugu yangu," alisema, "siwezi kukuacha ushike msahafu na macho yako yamefungwa. Weris sikumzaa mimi."

Timiro alidhani amesikia vibaya. Osob akaendelea bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi akiwa peke yake. Alikwenda Ifo akiwa mjamzito, baada ya ng'ombe wa mwisho kufa. Alijifungua mvulana, na mvulana hakuishi. Katika kibanda cha jirani aliletwa mwanamke mgonjwa aliyevuka mpaka na watu asiowajua, na mtoto mchanga wa kike mgongoni. Alijiita Kaaha. Hakutaja jina la baba yake wala la kwao, homa ilikuwa imemzidi. Alipokufa, watu aliokuja nao walikuwa wamekwisha kutawanyika.

"Maziwa yalikuwa yananivuja, na mtoto alikuwa analia," Osob alisema. "Nani angekaa kuuliza uraia?"

Mvua iliporudi, naye akarudi nyumbani. Alikuwa ameondoka na mimba akarejea na mtoto, hakuna aliyeuliza. Weris mwenyewe hakuwahi kuambiwa. Osob alimwambia Timiro kwamba akiona hawezi kuapa, hatamlaumu, ila msichana asijue. Kisha alimalizia chai yake, akajifunga shuka, akaenda kulala kwa binamu yake, uso umepoa kama wa mtu aliyetua mzigo.

Mzigo ulibaki na Timiro. Alitamani asingeambiwa.  Mchapishaji alikuwa amemwomba aongeze kurasa kuhusu mashahidi wa Athene, walikuwa watu wa namna gani na waliogopa nini, na kila alipokaa kuandika vidole viligoma. Alikuwa amewasoma watu hao kwa nusu ya umri wake. Sasa aliona hajui hata mmoja wao alilala vipi usiku wa kuamkia kesi.

Alifikiria kumwendea sheikh, akaogopa kwamba sheikh atamjibu. Alimpigia simu Dkt. Mustafe ili amwombe safari ya Wajir, lakini Mustafe alipopokea, Timiro alijikuta akimwuliza habari za ufunguo wa ukumbi wa mihadhara. Akienda Wajir, Weris atakosa shahidi. Akiapa uongo, ataapa mbele ya Mungu. Akisema kweli, atamvua msichana mama na nchi kwa pumzi moja.

Mwishowe alitunga sentensi. "Osob ndiye mama yake, na simjui mama mwingine." Aliipima kama alivyopima sentensi za Kigiriki, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa la kweli. Aliirudia akivuka barabara, akiosha vyombo, akiwa mbele ya darasa huku wanafunzi wakinakili tarehe za vita. Iliyeyuka mdomoni kama sukari, kisha wasiwasi ukarudi palepale.

Siku moja kabla ya kikao Weris alipita ofisini. Alikuwa amenunua viatu vipya vyeusi kwa ajili ya kamati, na alitaka kujua kama baridi ya Thesaloniki inahitaji koti zito. Timiro alijibu huku akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Mwalimu, unaumwa?" Weris aliuliza.

Timiro alisema ni joto tu.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa bati karibu na ofisi za serikali. Nje, chini ya miarobaini, watu walisubiri na karatasi zao ndani ya mifuko ya plastiki. Ndani kulikuwa na meza ndefu, na watatu wamekaa nyuma yake: Mzee Shariff aliyekuwa mwenyekiti, wakili mmoja aitwaye Roda, na afisa kijana kutoka Nairobi. Kwa sababu ya afisa huyo mambo yote yalisemwa kwa Kiswahili. Osob na Weris walikaa kwenye viti vya mbele, bega kwa bega. Timiro aliitwa mbele ya meza.

Mzee Shariff alimwuliza anafundisha nini. Timiro akasema Wagiriki wa kale. Mzee alitaka kujua kama hao ni Wakristo, na Timiro alipoeleza kwamba watu wa kale hivyo walitangulia hata Ukristo, mzee alitikisa kichwa akasema kumbe ni wakubwa. Watu wakacheka kidogo. Timiro alihisi mabega yake yakishuka. Aliapa. Alisema anaujua ukoo wa Osob, anakijua kisima chao, amemfundisha msichana huyu miaka minne na hakuona kwake ila adabu. Yote yalikuwa kweli, na sauti yake haikutetemeka. Sentensi yake ilikuwa tayari, aliihisi ulimini.

Afisa aliinua kalamu. "Daktari, kwa hivyo unathibitisha kwamba Weris alizaliwa na huyu mama?"

Kama angeuliza mama yake ni nani, au ni mtoto wa nani, Timiro angejibu. Lakini neno *alizaliwa* lilisimama katikati ya njia. Alifungua mdomo. Sentensi aliyoiandaa haikulijibu swali hilo. Angeitoa, kila mtu ukumbini angesikia kwamba imekwepa. Alitafuta nyingine. Feni ilizunguka juu ya vichwa vyao, mtu mmoja nje akakohoa, na bado hakuwa amesema kitu. Alimwona Roda akiinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Alimwona afisa akishusha kalamu.

"Daktari?" afisa alisema.

Nyuma yake kiti kilisogea. Osob alikuwa amesimama. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia maziwa, lakini alikisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Mimi hapana zaa huyu," alisema. "Mama yake nakufa Ifo. Mimi nanyonyesha, mimi nalea. Mwalimu hapana makosa. Mwacheni yeye."

Weris alimtazama mama yake kwa muda, kama anayesubiri amalizie kwamba ni mzaha.  Aligeuka kumtazama Timiro, na Timiro alielewa kwamba ule unyamavu wake mwenyewe ulikuwa umekwisha kusema kila kitu.

"Mwalimu, wewe ulijua," Weris alisema kwa Kisomali, polepole. "Ulijua kabla yangu."

Timiro aliitikia kwa kichwa. Weris akachukua mkoba wake akatoka.

Afisa alitaka kulifunga faili. Roda akamwomba angoje, akamhoji Osob. Yule marehemu aliitwa nani? Kaaha. Binti wa nani? Hajui. Wa wapi? Alisema ng'ambo, basi. Kuna mtu yeyote aliyewahi kuja kumtafuta mtoto? Hakuna, mpaka leo. Roda alisema kwamba katiba inampa uraia mtoto mdogo aliyepatikana nchini ikiwa wazazi wake na nchi yao havijulikani. Afisa akajibu kwamba huyu alizaliwa na mkimbizi, hakuokotwa njiani. Walibishana kwa adabu, mpaka Mzee Shariff akaamua maneno ya Osob yaandikwe kama alivyoyasema na faili lipelekwe Nairobi. Timiro aliambiwa anaweza kwenda. Hakuna aliyemlaumu. Mzee hata alimshukuru.

Weris hakurudi Ijara na mama yake. Alikaa kwa rafiki yake Ayan, mtaa wa nyuma ya soko la mifugo, akapata kazi katika duka la dawa. Simu za Timiro hakuzipokea. Za Osob alizipokea, akazungumza machache. Timiro alipita mbele ya duka hilo mara kwa mara kwa upande wa pili wa barabara, akaona kitambaa chake cha kichwa nyuma ya kaunta, akaenda zake. Aliiandikia Thesaloniki barua baada ya barua, akieleza, akiomba, na mwishowe walikubali kuiahirisha nafasi kwa mwaka mmoja, si zaidi.

Mwaka huo ulikwenda kama mgonjwa. Kila gari la serikali lililopita chuoni lilimshtua. Wiki hii angesikia kwamba kamati imekubali, wiki ijayo kwamba faili limepotea, kisha kwamba limepatikana lakini mtu wa kutia sahihi yuko likizo. Roda alifuatilia Nairobi bila kuchoka wala kuahidi kitu. Katikati ya hayo bodi ilikaa, na Timiro akapandishwa cheo. Dkt. Mustafe alimpa mkono mbele ya wenzake, akasema chuo kinajivunia mtu ambaye hakukubali kudanganya mbele ya kamati. Watu walipiga makofi. Timiro alitaka kusema kwamba hakukataa kudanganya, alishindwa tu kusema lolote, na hayo ni mambo mawili. Alishukuru akakaa. Kitabu alikipeleka bila zile kurasa za mashahidi, na mchapishaji hakulalamika.

Kitambulisho kilitoka wakati mwaka wa Thesaloniki ulipokuwa ukiyoyoma. Roda alipiga simu saa za mchana kusema kwamba Nairobi imeikubali hoja yake ya mtoto aliyepatikana nchini, na Timiro akamwomba aseme tena. Siku chache baadaye Weris alibisha mlango wa ofisi yake. Alikuwa amekonda. Alihitaji sahihi ya mwalimu kwenye karatasi za ufadhili, na baada ya kuipata hakuinuka.

"Kama mama, hooyo wangu, asingesema," aliuliza, "wewe ungesema nini?"

Timiro alimwambia sentensi yake. Weris aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hilo si jibu la swali lake."

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza."

"Basi ungesema nini?"

"Sijui, Weris. Nimejiuliza mwaka mzima, na sijui."

Weris alitazama nje, ambako wanafunzi walikuwa wakigombania kivuli. Alisema kwamba mwanzoni alitamani sana mwalimu wake angesema ndiyo, na yaishe. Baadaye akaona hakutaka hivyo. Alichotaka ni kuambiwa, yeye na mwalimu tu, hapa, ile siku aliyokuja na viatu vipya. Hakuinua sauti. Timiro aliomba radhi, na Weris akasema ameisikia. Hakusema ameikubali.

Pasipoti ilipotoka, kabla ya kusafiri, alikwenda Ijara akakaa na Osob wiki nzima. Yaliyosemwa huko hakuna ajuaye. Osob alisema tu kwamba siku ya kwanza msichana alifika akasimama nje ya nyumba kama mgeni anayengoja kukaribishwa, naye akamwambia aingie kabla maziwa hayajamwagika jikoni, akaingia.

Sasa yuko Thesaloniki. Mtandao wa kijijini kwao unakuja na kuondoka, kwa hiyo siku za Ijumaa Osob huja mjini kwa Timiro, na wawili hao hukaa sebuleni wakingoja, simu imewekwa juu ya mto kati yao. Ikichelewa, hakuna anayegusa chai. Ikilia, Osob huipokea, na Timiro hutoka uani awaachie nafasi. Mazungumzo yao ni marefu, na mara nyingine huweza kumsikia Osob akicheka.

Mara moja tu Weris aliomba apewe mwalimu. Alikuwa na swali fupi, kuhusu kitabu ambacho hakukipata maktaba. Timiro alimtajia mahali pa kukitafuta, akamwuliza kama koti linatosha, Weris akasema linatosha, wakaagana. Jioni yote Timiro alizunguka nyumbani akijiuliza kama alijibu kwa haraka mno, na kama sauti yake ilisikika kule kama ya mtu anayeomba kitu.